Saratani Imepoa, Tumbo Halijatulia



Ndugu wasomaji, tangu tulipogusia katika safu hii maradhi ya saratani ya mlango wa kizazi, swali lililotufikia mara nyingi kuliko mengine halikuwa la saratani yenyewe. Lilikuwa la tumbo. Nalo huja kwa sauti ya chini, aghalabu kupitia kwa mtu wa tatu: binti anamuulizia mama yake, mume anamuulizia mkewe. Mama amemaliza mionzi, daktari amesema uvimbe hauonekani tena, na nyumba imesoma dua ya shukrani. Kisha miezi inapita, na mama haachi kukimbilia chooni. Haendi harusini. Hapandi daladala mpaka ajue choo kitapatikana wapi mbele ya safari. Msikitini, upande wa wanawake, haonekani tena siku ya Ijumaa. Watoto wanaulizana kama saratani imerudi, na mwenyewe hasemi kitu, maana amelelewa akijua kwamba mambo ya chooni hayatajwi mbele za watu.

Mara nyingi saratani haijarudi. Kinachomsumbua ni jeraha lililoachwa na tiba ile ile iliyomponya kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Jeraha hilo madaktari wanalijua, sababu zake zinaeleweka, na sehemu kubwa ya usumbufu wake inaweza kupunguzwa. Lakini haliwezi kutibiwa likiwa limefichwa, na ndiyo maana tumechukua nafasi ya leo kulieleza bila kuzungukazunguka. Wasomaji watuwie radhi kwa maneno yatakayotajwa. Tumezoea kuambiwa kwamba hakuna haya katika kuuliza mambo ya dini. Hatuoni kwa nini iwepo katika kuuliza mambo ya afya.

Mionzi inayotibu saratani huharibu vinasaba vya seli, hata seli ishindwe kugawanyika na ife. Seli za saratani hugawanyika kwa pupa, ndiyo maana hupatwa. Tatizo ni kwamba zipo seli nyingine, zilizo njema kabisa, ambazo nazo kazi yake ni kugawanyika usiku na mchana. Utando laini uliotanda ndani ya utumbo mwembamba hujivua na kujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Basi mionzi inapomulika nyonga kwa ajili ya mlango wa kizazi, kibofu, tezi dume au sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, matumbo yaliyolala jirani hupata fungu lao la moto. Ujenzi unasimama, ukuta wa ndani unabaki na mabaka matupu, maji na chakula havifyonzwi inavyopasa, na mtu anaharisha.

Jambo hili si geni. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895. Kufikia mwaka 1897 daktari wa Uingereza aitwaye David Walsh alikwisha kuandika, katika jarida la madaktari wa nchi hiyo, juu ya madhara ya miale hiyo kwa viungo vya ndani, tumbo likiwemo. Yaani tumbo lilianza kulalamika tangu mwanzo wa elimu hii.

Kuna madhara ya aina mbili, na familia nyingi huyachanganya. Ya kwanza ni yale ya wakati wa tiba. Kwa kawaida mionzi ya nje ya nyonga hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi, na jumla ya dozi huwa kati ya grei 45 na 50, grei ikiwa ndicho kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili. Kwa saratani ya mlango wa kizazi huongezwa mionzi ya ndani, na wengi hupewa pia dawa ya saratani kwa dripu mara moja kwa wiki. Tumbo huanza kuchafuka katika wiki ya pili au ya tatu: msokoto, gesi, kichefuchefu, choo cha majimaji, na haja inayokuja kwa haraka isiyongoja. Hali hii ni ya kupita. Mionzi ikiisha, ukuta wa utumbo hujijenga tena. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, na wengine huchukua hadi miezi mitatu.

Hata hivyo wiki hizo zina hatari yake, nayo si ya kuharisha peke yake. Mtu aliyetoka Kigoma au Lindi, anayelala kwa jamaa Dar es Salaam ili ahudhurie Taasisi ya Saratani Ocean Road, akijikuta anakwenda chooni mara nane kwa siku katika nyumba ya watu yenye choo kimoja, huona aibu. Huamua arudi kwao apumzike kwanza. Kupumzika huko kuna gharama kubwa. Madaktari husisitiza kwamba tiba yote ya mionzi ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani, ikamilike ndani ya wiki nane, kwa kuwa siku zinazoongezeka huipa saratani nafasi ya kuota tena. Asiondoke. Awaambie wauguzi siku hiyo hiyo, kwani zipo dawa za kupunguza mwendo wa tumbo, kama loperamaidi, na daktari ndiye ajuaye wakati na kiasi cha kuzitoa. Nawe mwenyeji, kumwachia mgeni wako choo bila kumgongea mlango ni sadaka isiyogharimu hata senti moja.

Katika vituo vingi mgonjwa huambiwa anywe maji na abane mkojo kabla ya kulala chini ya mashine. Tumewasikia wanaoliona agizo hili kuwa ni adha tupu, na wengine hukojoa kwa siri kabla ya kuitwa. Lina maana kubwa. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba juu, ukaondoka katika njia ya mionzi. Anayekitoa mkojo wake mlangoni amelirudisha tumbo lake motoni.

Kuhusu chakula, la kwanza ni maji. Anayeharisha anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka dukani au zahanati. Zikikosekana pakiti, nyumbani huchanganywa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chakula kiwe kidogo kidogo na mara nyingi: wali laini, uji, viazi, ndizi, samaki wa kuchemsha, supu isiyo na mafuta mengi. Maziwa yanaweza kumsumbua kwa muda, kwa sababu utumbo uliochubuka hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Pilipili, kahawa nzito na vyakula vilivyozama mafutani vingoje. Lakini tusimkataze kila kitu. Kila shangazi ana orodha yake ya miiko, na ukizijumlisha zote mgonjwa anabaki na chai ya rangi. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wagonjwa 166 wa mionzi ya nyonga, ulionyesha kwamba waliopewa mlo wenye nyuzinyuzi nyingi matumbo yao yaliteseka kidogo kuliko ya wale walioendelea na mlo wao wa kawaida. Ushauri wa zamani wa kumnyima mgonjwa mboga na matunda yote hauna nguvu iliyokuwa ikidhaniwa. Mtaalamu wa lishe wa hospitali aulizwe, na mwili wa mgonjwa mwenyewe usikilizwe.

Aina ya pili ndiyo iliyotuletea maswali. Hii huanza baada ya miezi sita, mwaka mmoja, miaka mitatu, na pengine baada ya miaka kumi na zaidi, wakati mtu ameshasahau hata rangi ya chumba cha mashine. Hapa tatizo halipo kwenye utando wa juu tu. Mishipa midogo ya damu inayolisha utumbo imesinyaa na kuziba taratibu, nyama imekosa damu ya kutosha, ikakakamaa na kuwa kovu. Utumbo uliokuwa laini kama kitambaa cha kanzu unakuwa mgumu kama turubai. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kupasuliwa tumbo, kwa kuwa kovu la upasuaji huyagandisha matumbo mahali pamoja, kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, na kwa mvutaji wa sigara. Madaktari wa Uingereza waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi wameandika kwamba nusu hivi ya waliopata mionzi ya nyonga husema mabadiliko ya choo yameyagusa maisha yao ya kila siku. Nusu! Basi yule mama anayejificha hayuko peke yake hata kidogo.

Sasa tulitazame kosa linalofanyika majumbani na hata katika baadhi ya zahanati: kuharisha huku kote kuchukuliwa kuwa ni kitu kimoja, "tumbo la mionzi", lisilo na la kufanywa. Kumbe ndani ya jina hilo moja mna maradhi kadhaa. Kuna ambaye sehemu ya mwisho ya utumbo wake mwembamba, inayofyonza nyongo na kuirudisha kwenye ini, imeharibika. Nyongo inateremka hadi utumbo mpana na kuusumbua, naye anaharisha choo cha rangi ya manjano, hasa baada ya kula mafuta. Huyu ana dawa yake, inayoikamata nyongo. Sehemu hiyo hiyo ndiyo inayofyonza vitamini B12, kwa hiyo uchovu wake na ganzi ya miguuni huenda visiwe uzee, bali upungufu unaozibwa kwa sindano. Mwingine bakteria wamezaliana kupita kiasi katika utumbo mwembamba uliolegea, tumbo likajaa gesi na kunguruma, na antibayotiki ya siku chache ikamletea utulivu alioukosa kwa miaka. Mwingine hana ugonjwa wowote wa kufyonza chakula, ila misuli ya njia ya haja kubwa imedhoofika, na mazoezi ya kuibana na kuiachia kila siku humsaidia. Na mara nyingi mtu mmoja huwa na mawili au matatu kwa pamoja.

Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa London uliowahusu wagonjwa 218 waliokuwa na matatizo haya baada ya mionzi ya nyonga. Waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa kijitabu cha maelezo, la pili likahudumiwa na daktari bingwa wa tumbo, la tatu likahudumiwa na muuguzi aliyefuata mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua: dalili hii, kipimo hiki, dawa hii. Baada ya miezi sita waliohudumiwa na daktari na waliohudumiwa na muuguzi walikuwa na hali bora kuliko wa kijitabu, na muuguzi hakupitwa na bingwa. Sisi tunalitazama jambo hili kwa matumaini makubwa. Madaktari bingwa wa tumbo katika nchi zetu ni wachache na wamejikusanya mijini. Ila wauguzi wapo, na mwongozo ni karatasi.

Kwa ambao bado hawajaanza tiba, ipo habari nyingine njema. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, mji ambao wagonjwa wengi wa kwetu wameuzoea, ilitoa mwaka 2021 matokeo ya utafiti wa wanawake 300 wenye saratani ya mlango wa kizazi waliopewa mionzi baada ya upasuaji. Waliotibiwa kwa njia mpya, ambapo miale huchongwa ifuate umbo la eneo linalolengwa na picha huchukuliwa kuhakikisha shabaha, walipata madhara ya baadaye ya tumbo 21 katika kila 100 kwa miaka mitatu. Wa njia ya awali walikuwa 42. Si kila kituo kina uwezo huo, wala mgonjwa hapaswi kuchelewesha tiba akingojea mashine. Ila ni haki yake kuuliza.

Damu kwenye choo ina mazungumzo yake. Wengi huiita bawasiri na kununua dawa ya kupaka. Kwa aliyepata mionzi huenda ikawa ni vimishipa dhaifu vilivyoota juu ya kovu karibu na njia ya haja kubwa, na vikivuja kidogo tu pengine havihitaji tiba yoyote. Vikivuja sana, zipo dawa za kuingizwa kwa njia hiyo hiyo na zipo njia za kuvichoma kwa kutumia kamera. Lakini damu huenda pia ikawa ni saratani, iliyorudi au mpya, kwa hiyo lazima uchunguzi ufanyike. Na hapa mgonjwa ana neno moja ambalo asilisahau kulitamka: "Nimewahi kupigwa mionzi ya nyonga." Daktari asiyejua hilo anaweza kukata kinyama cha kupimia kwenye ukuta wa mbele wa utumbo ulioungua, na kidonda hicho kisifunge, kikawa fistula, tundu la kupitisha choo au upepo ukeni. Fistula ya uzazi inajulikana sana kwetu na hushonwa. Hii ya mionzi ni ngumu zaidi kuishona, kwa sababu nyama yake haina damu ya kutosha ya kuponesha.

Dawa za kuharisha kwa nguvu, haluli na sanamaki, zinazotumiwa kwa nia ya "kutoa sumu ya mionzi", ziachwe kabisa. Hakuna sumu ya kutolewa. Mionzi ya nje haibaki mwilini baada ya mashine kuzimwa, na ya ndani inayotumika kwa mlango wa kizazi huondoka pamoja na chombo chake kikishatolewa. Kwa hiyo pia hakuna sababu ya kumtengea mama sahani, wala mume kuhama chumba.

Akitapika huku tumbo limevimba na kusokota, na hapati choo wala upepo, hiyo ni dalili ya utumbo kuziba, na apelekwe hospitali usiku huo huo. Damu nyingi, kukonda kusikoeleweka na choo kupita pasipo pake, navyo visingoje.

Sasa tugeukie jambo ambalo, kwa tuliyoyasikia, linawaumiza wagonjwa wa Kiislamu kuliko maumivu yenyewe. Wapo walioacha kuswali. Si kwa uasi, bali kwa kudhani kwamba asiyeweza kukizuia choo hana tahara, na asiye na tahara hana swala. Mafakihi wamelizungumza hili tangu zamani katika mlango wa mwenye udhuru wa kudumu, na asili yake ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwa Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.), aliyekuwa akitokwa na damu isiyokatika. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, mwenye udhuru husubiri wakati wa swala uingie, akajisafisha, akavaa pedi au kitambaa safi, akatawadha, kisha akaswali faradhi yake bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo hakiharibu swala yake. Faradhi inayofuata ataitawadhia upya. Ikiwa anajua kuwa tumbo lake hutulia kwa kipindi kinachotosha tahara na swala ndani ya wakati, basi akingoje kipindi hicho. Kuhusu kukusanya swala mbili kwa ajili ya ugonjwa maulamaa wamekhitalifiana, na wapo walioruhusu. Amuulize sheikh wake kwa hali yake mwenyewe.

Saumu nayo. Aliye katikati ya mionzi, anayetakiwa kunywa maji kabla ya mashine na anayepoteza maji kwa kuharisha, ni mgonjwa wa kweli, na ruhusa yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Atalipa siku hizo atakapopata nafuu. Asiyetarajiwa kupata nafuu atatoa fidia ya kumlisha masikini kwa kila siku. Inatusikitisha kuona ndugu wakimtazama kwa jicho baya mama anayekunywa uji mchana wa Ramadhani, hali yeye ametumia rukhsa aliyopewa na Mola wake.

Na sisi tunaoshika daftari za kamati za misikiti tuna kazi yetu. Katika misikiti mingi choo cha wanawake ni kimoja, kiko nyuma ya jengo, na ufunguo anao mtu ambaye hajulikani alipo. Kwa mwenye tumbo hili, mlango uliofungwa ni sawa na kuambiwa abaki nyumbani. Kisifungwe nyakati za swala, kiwe na maji, ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya pedi, na msumari wa kutundika baibui. Nafasi ya karibu na mlango iachwe kwa wenye udhuru bila kuulizwa udhuru gani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya zulia jipya tunalolichangishia kila mwaka.

Kabla ya kwenda hospitali, mgonjwa au binti yake aandike kwa wiki moja kila siku: amekwenda chooni mara ngapi, usiku mara ngapi, choo kilikuwaje, alikula nini, kama aliamka na damu. Daktari atapata humo mengi ambayo ulimi ungeona haya kuyasema. Achukue pia karatasi ya tiba inayoonyesha mionzi ilitolewa lini, sehemu gani na kwa kiasi gani. Ikiwa imepotea, aanzie kwenye hospitali iliyomtibu, kwenye chumba cha majalada, aombe nakala.

Wabillahi tawfiiq.